Jinsi ya kugawa silabi za "primogeniture" na kulitamka bila kujikwaa

Maswali kuhusu neno hili la Kiingereza ni yale yale. Mwanafunzi wa sheria anayesoma historia ya sheria ya ardhi ya Uingereza anauliza ni "pri" au "prai". Mtangazaji aliyekabidhiwa habari ya ufalme wa Uingereza dakika chache kabla ya taarifa anataka kujua lina silabi ngapi. Mkalimani wa mahakamani anauliza ile "ture" ya mwisho inasomwaje. Na yuko mwingine, huyu kwa kawaida anaandika tasnifu, anayetaka kujua neno likifika ukingoni mwa mstari alikate wapi.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: silabi tano, prai-mo-JE-ni-cha, na uzito wote unakaa kwenye JE. Ukitosheka na hilo, ishia hapa. Ila nakuonya: wengi wakipewa jibu hilo hulisoma sawasawa kwenye karatasi, wakisimama mbele za watu linatoka praimojeNIcha.

Urefu wa neno hausumbui. Mtu anayesema "hawatatusababishia", silabi tisa kwa pumzi moja, hawezi kushindwa na silabi tano. Kinachosumbua ni mahali pa kuweka mkazo, na kazi kubwa ya mwongozo huu iko hapo.

Neno lenyewe ni nini

Ni utaratibu wa kumrithisha kifunguamimba, hasa wa kiume, mali yote au cheo chote, wadogo zake wakabaki watazamaji. Asili yake ni Kilatini, vipande viwili: kimoja cha "kwanza", kingine cha "kuzaliwa". Kumbuka kwamba mshono wa vipande hivyo uko kati ya "primo" na "geniture". Utakufaa baadaye.

Uingereza ndipo neno hili lilipoota mizizi. Kwa karne nyingi, mwenye ardhi akifa bila wosia, ardhi ilikwenda kwa mwanawe mkubwa wa kiume, isipokuwa sehemu chache kama Kent, ambako desturi iliwagawia watoto wote wa kiume sawa kwa sawa. Sheria ya mwaka 1925, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1926, ndiyo iliyofuta utaratibu huo kwa ardhi. Kwenye kiti cha ufalme ulibaki, na mtoto wa kiume alimruka dada yake hata kama dada ni mkubwa, mpaka sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kazi tarehe 26 Machi 2015. Vyeo vingi vya makabaila hadi leo vinafuata mwana wa kiume.

Kwetu neno huingia darasani kwa mlango mwingine. Tangazo la sheria za mila la Tanzania Bara la mwaka 1963 halimpi mtoto mkubwa wa kiume kila kitu, ila linampa fungu kubwa kuliko wenzake, na mabinti wanawekwa daraja la mwisho. Kwa hiyo walimu wa sheria ya mirathi hulitaja neno hili kila wanapofika hapo. Na anayesoma kesi za Afrika Kusini atalikuta kwenye hukumu ya Mahakama ya Katiba ya mwaka 2004, kesi ya Bhe, iliyofuta kanuni ya kumpa urithi mwanamume mkubwa peke yake. Mwenye kuzoea mirathi ya Kiislamu atashangaa kidogo, maana huko mtoto wa kwanza na wa mwisho, wakiwa wa jinsia moja, fungu lao ni moja.

Nadharia inatosha.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Kamusi ya mtandaoni yenye kitufe cha sauti. Cambridge na Merriam-Webster ni za bure. Ya kwanza inakupa sauti ya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani, ya pili ni ya Kimarekani.
- Simu yenye kinasa sauti. Hata ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaojitumia mwenyewe unafaa.
- Penseli na karatasi.
- Meza ya kugonga kwa kidole.
- Robo saa, mahali ambapo hutaona haya kupaza sauti. Neno hili halijifunzwi kwa kunong'ona, kwa sababu ukinong'ona huwezi kupandisha sauti, na kupandisha sauti ndiyo nusu ya mkazo.

Usianze na programu za simu zinazosoma maandishi kwa sauti ya kompyuta. Nyingine husoma vizuri, nyingine huboronga maneno adimu kama hili, na wewe unayejifunza huna namna ya kujua ipi ni ipi.

Hatua kwa hatua

1. Sikiliza kwanza, usisome.

Funga macho au geuza simu, bonyeza sauti ya kamusi mara tatu au nne. Usijaribu kusema. Unatafuta kitu kimoja tu: ni wapi sauti inapanda na kukaa kidogo? Utaisikia katikati ya neno, karibu na "je". Aliyeanza kwa kulisoma neno ameshajijengea matamshi yake kichwani, na kuyabomoa ni kazi kuliko kujenga mapya.

2. Hesabu silabi kwa kidole.

Gonga meza mara moja kwa kila silabi: prai, mo, je, ni, cha. Tano.

Hapa ndipo wengi hupata sita, na wanabisha kwa nguvu. Wana sababu. Katika Kiswahili kila irabu ni silabi yake: "chai" ni cha-i, "faida" ni fa-i-da. Basi sikio letu likisikia "prai" linagonga mara mbili, pra, i. Kiingereza hakifanyi hivyo. "Ai" ya hapo ni irabu moja inayoteleza, inaanzia kwenye a na kuishia kwenye i bila kusimama katikati. Sema "prai" kwa mgongo mmoja wa sauti, kidole kikigusa meza mara moja tu. Ukiona unagonga mara mbili, rudia silabi hiyo peke yake mpaka iungane.

Wengine hupata sita kwa njia nyingine: wanaisoma "e" ya mwisho, pri-mo-ge-ni-tu-re. Hiyo "e" haisomwi kabisa.

3. Andika vipande kwenye karatasi.

Andika mistari miwili, mmoja juu ya mwingine:

pri – mo – gen – i – ture
prai – mo – JE – ni – cha

Wa juu ni wa macho, wa chini ni wa mdomo. Angalia "n". Juu imekaa na "ge", chini imehamia kwa "i". Hakuna aliyekosea. Nukta unazoziona katikati ya neno kuu kwenye kamusi kama Merriam-Webster zinaonyesha mahali neno linapoweza kukatwa mwishoni mwa mstari, hazikuonyeshi jinsi ya kutamka. Matamshi yameandikwa pembeni, kwa alama zake. Ukichanganya mistari hii miwili utasema "jen", utasimama, kisha "i" peke yake kama kwikwi. Mdomo ufuate mstari wa chini.

4. Shughulikia silabi mbili za mwanzo, kwa haraka.

"Pri" ni "prai", kama mwanzo wa "private" au "prime". Kama umesoma sheria, umeshasikia "prima facie" ikianza na "praima", basi ni ile ile. Usiweke irabu kati ya p na r. "Pirai" inakuongezea silabi ambayo haipo.

"Mo" ni rahisi. Waingereza huivuta kidogo ikawa kama "mou". Wengine huilegeza ikakaribia "ma". Ukisema "mo" ya Kiswahili hakuna atakayekurudisha nyuma.

5. Laini "g".

G ya Kiswahili ni moja tu, ya "gari" na "goti", na ndiyo inayotutega hapa. Katika neno hili g inasomwa j. Tena sisi wenyewe tumeshakubali jambo hilo zamani: "general" tumemfanya jenerali, "generator" tumeifanya jenereta. Ni "gen" hiyo hiyo. J ya "jembe" inatosha.

6. Geuza "ture" kuwa "cha".

Hili nalo tumelifanya tangu zamani bila kufundishwa. "Picture" imekuwa picha. Hakuna anayesema "pikture". Basi "ni-ture" ni "nicha", na "cha" yenyewe iwe nyepesi, imelegea, isifunguke sana. Wamarekani hupinda ulimi mwishoni na r inasikika, wengine wao humalizia na kitu kama "chur". Kamusi zinataja pia matamshi yanayoishia na "tyua". Ukiyasikia, usidhani msemaji amekosea. Ila wewe chagua moja ushikamane nayo.

7. Hamisha mkazo. Hapa usiwe na haraka.

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hakibembelezi. "Kitabu" ni ki-TA-bu. Ongeza "ni", mkazo unahama wenyewe: ki-ta-BU-ni. Hakuna aliyetufundisha, mdomo unajua. Na mdomo huo huo ukikutana na praimojenicha unatafuta silabi ya pili kutoka mwisho, unaikuta "ni", unaikalia: praimojeNIcha. Kwa Mwingereza neno hilo ni kama jipya. Anakunja uso, anakuomba urudie, nawe unarudia vile vile kwa sauti kubwa zaidi.

Ushahidi uko kwenye maduka ya mbao. Watu wengi husema fanicha badala ya samani. Tunasema fa-NI-cha. Mwingereza, ambaye ndiye mwenye neno, anasema FA-nicha. Sauti ni karibu zile zile, kilichohama ni mkazo tu. Sasa mwisho wa neno letu una umbo hilo hilo la fanicha, silabi tatu, mkazo kwenye ya kwanza: FA-nicha, JE-nicha. Kwa hiyo:

a) Sema FAnicha kama Mwingereza, mara kadhaa, mpaka isikushangaze tena.
b) Toa "fa", weka "je": JEnicha.
c) Bandika "praimo" mbele, bila kugusa kilichobaki: praimo-JEnicha.

Kama bado "ni" inakuvuta, jaribu njia hii, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Anza kama unauliza swali: "Je, nicha?" Ile "je" ya kuulizia, inayotoka juu na kwa nguvu, ndiyo unayoitaka. Kisha "nicha" iporomoke nyuma yake haraka, kama maneno yasiyo na umuhimu. "Praimo. Je, nicha?" Ondoa kituo na mkato, neno limekamilika.

Mkazo wa Kiingereza haumaanishi kupiga kelele. Ni mambo matatu kwa pamoja: silabi inapanda, inakaa muda kidogo zaidi, na jirani zake zinanywea. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau, kwa kuwa Kiswahili kinaipa kila irabu heshima yake kamili. Usipozinywesha "ni" na "cha", mkazo wako kwenye JE hautasikika hata ukiukazia vipi.

"Prai" nayo ina mkazo mdogo, wa daraja la pili. Usiushughulikie. Ukisema "prai" kwa mgongo mmoja, unakuja wenyewe.

8. Lijenge neno kuanzia mwisho.

Sema kwa sauti, kila mstari mara mbili:

cha
nicha
JEnicha
moJEnicha
praimoJEnicha

Kwa nini kuanzia nyuma? Anayeanzia mbele hufika JE akiwa amechoka pumzi na kuharakisha sehemu asiyoijua. Anayeanzia nyuma anaelekea kila mara kwenye sehemu aliyokwisha kuizoea.

9. Jifunze kusoma alama ya mkazo kwenye kamusi.

Utaona kitu kama hiki: /ˌpraɪməʊˈdʒɛnɪtʃə/. Usiogope herufi. Tafuta vistari viwili tu. Kilichoko juu ni mkazo mkuu, kilichoko chini ni mkazo mdogo. Kistari huwekwa kabla ya silabi inayohusika, si baada yake.

Mtego: baadhi ya kamusi za Kimarekani, American Heritage mojawapo, huweka alama ya mkazo baada ya silabi. Mtu aliyezoea mtindo mmoja akifungua kamusi ya mtindo mwingine anahamisha mkazo silabi nzima, kisha anaapa kwamba kamusi ndiyo imemwambia. Ukifungua kamusi ngeni, tafuta kwanza neno unalolijua vizuri, mfano "teacher", uone alama imekaa upande gani wa silabi ya kwanza.

10. Liweke ndani ya sentensi.

Neno likikaa peke yake hutoka vizuri, likiingia kwenye sentensi linarudi kijijini. Soma hizi kwa sauti, polepole kwanza, kisha kwa mwendo wa kawaida:

*Virginia abolished primogeniture in 1785.*
*Male primogeniture was struck down in South Africa in 2004.*
*Primogeniture is no longer the law of England.*

Ya kwanza na ya tatu zina kitu cha ziada. "Primogeniture" ikifuatwa na irabu, hata Mwingereza asiyetamka r mwishoni huirudisha ili kuunganisha: "jenicha-rin", "jenicha-riz". Usipofanya hivyo hutakuwa umekosea, ila ukiweza, maneno yanateleza.

Ya pili inaanza na "male", ambayo ni silabi moja, "meil". Nimesikia ikisomwa "ma-le", na chumba kizima kikapoteza uzi.

11. Jirekodi, kisha ulinganishe.

Rekodi sentensi moja, si neno moja. Icheze, kisha cheza sauti ya kamusi, kisha ya kwako tena. Usijiulize kama lafudhi yako imefanana na ya London, haihitajiki. Jiulize maswali mawili: nimegonga mara tano? JE imekuwa juu kuliko "ni"? Zote mbili zikiwa ndiyo, umemaliza.

Kulikata neno mwisho wa mstari

Kwa mwandishi wa tasnifu. Mahali pazuri kuliko pote ni kwenye ule mshono: primo- kwenye mstari wa juu, geniture kwenye mstari wa chini. Msomaji anaona vipande viwili vyenye maana. "Primogeni-ture" nayo inavumilika. Usikate "prim-ogeniture", wala usimwachie msomaji "primogenitu-re", kwa sababu hiyo "re" si silabi. Na kama programu yako ya kuandikia imewekwa lugha ya Kiswahili huku maandishi ni ya Kiingereza, badilisha lugha ya aya hiyo kwanza. Usiitegemee ikukatie neno la Kiingereza ikiwa haijui kwamba ni la Kiingereza.

Makosa yanayorudi kila mara

Kumeza "ni". Neno linabaki "praimojencha", silabi nne. Huwapata zaidi waliokwisha kujua kunywesha silabi, wakanywesha mpaka ikapotea. Kosa hili huambukiza hata tahajia, utaona mtu ameandika "primogenture". I ipo, iandike, na uigonge.

R kugeuka l. Kama lugha yako ya nyumbani haizitenganishi, "plaimo" itakutoka usipoangalia. Fanya zoezi la "prai" peke yake na "private", "prime", "price" kabla ya kurudi kwenye neno zima.

Ch kugeuka sh, "jenisha". Weka ncha ya ulimi ikigusa juu kabla ya kuachia, kama unavyosema "chumvi".

Kusoma Kifaransa. Hii ni ya wasomaji wa Lubumbashi, Bukavu, Bujumbura, na wa Kigali waliosoma zamani. Kifaransa kina neno hilo hilo, lina alama moja tu juu ya e, na maana ni ile ile. Lakini huko linaanza na "pri" kamili, g yake ni ile ya "je" ya Kifaransa, na uzito unaangukia mwishoni kabisa. Ukiliona kwenye maandishi ya Kiingereza, badilisha vitu vitatu: pri iwe prai, g iwe j ya jembe, na mkazo urudi katikati. Ukibadilisha viwili tu, wasikilizaji watadhani unachanganya lugha makusudi.

Kulichanganya na "primogenitor". Hilo lina maana ya babu wa kwanza wa ukoo, si utaratibu wa kurithi. Mkazo uko pale pale, mwisho ndio tofauti: "jenita".

Maneno ya jirani

Ukishaliweza hili, mengine ya mirathi ni mepesi. Ultimogeniture, yaani urithi kwenda kwa kitindamimba, ni al-ti-mo-JE-ni-cha. Disinheritance ni dis-in-HE-ri-tans, testamentary ni tes-ta-MEN-ta-ri, intestacy ni in-TES-ta-si, executor wa wosia ni ig-ZE-kyu-ta. Beneficiary kwa Waingereza ni be-ni-FI-sha-ri, Wamarekani huongeza silabi: be-na-FI-shi-e-ri.

Mengi ya hayo mkazo wake uko silabi ya tatu kutoka mwisho, hatua moja tu nyuma ya pale Kiswahili kinapopenda. Si kanuni ya Kiingereza chote, usiipeleke mbali. Testator ni tes-TEI-ta na intestate ni in-TES-teit, ya pili kutoka mwisho kama kwetu, na hayo mawili wanafunzi wangu huyapata bila hata kufundishwa.

Ukikwama

*Nikilisema peke yake ni sawa, nikiwa mbele ya watu linaharibika.* Kwenye karatasi yako ya kusomea usiandike "primogeniture". Andika praimo-JEnicha, kwa herufi kubwa pale pale. Watangazaji hufanya hivyo na hakuna anayeona karatasi yako.

*Sauti ya Marekani na ya Uingereza hazifanani, nifuate ipi?* Ile inayotumika unaposoma au kufanya kazi. Shule zetu nyingi zinafuata ya Uingereza. Ukisikia Mmarekani akisema kama "jenacher", ile i iliyolegea ni kawaida yao.

*Nimelisema vizuri, hakimu au mwalimu hakunielewa.* Sikiliza yeye analitamkaje. Inawezekana yeye ndiye amezoea praimojeNIcha, na ukumbi mzima umezoea hivyo. Usimsahihishe mbele za watu. Sema lako kwa utulivu, kisha ongeza maelezo mara moja, *that is, the right of the eldest son*, na kesi iendelee.

*Ulimi unajifunga kila nikifika "mojeni".* Unakwenda kasi mno. Kata neno mara mbili kwenye mshono, "praimo", pumzi ndogo, "jenicha". Punguza pumzi hiyo kidogo kidogo mpaka iishe. Hata ikibaki kidogo, ni afadhali kuliko kulikimbiza na kumeza "ni".

*Nimesahau baada ya wiki.* Rudi kwenye "Je, nicha?" Ukiikumbuka hiyo, "praimo" haikupotei.